Mwili Usiotulia: Ngoma katika Uchoraji wa Waekspreshonisti wa Ujerumani

Waheshimiwa wageni, walimu wangu, na ninyi wanafunzi wa uchoraji na wa ngoma mliojaa ukumbi huu, asanteni kwa kuja. Kila mmoja wenu amekuta kwenye kiti chake karatasi tatu nyeupe na kipande cha mkaa. Naomba msivitumie kwa sasa. Wakati wake utafika.

Nimeombwa nizungumzie ngoma na mwili wa binadamu katika kazi za wale wachoraji wa Kijerumani wa mwanzoni mwa karne ya 20 tunaowaita waekspreshonisti, yaani wachoraji walioamini kwamba picha haidaiwi kuiga sura ya kitu kama macho yanavyokiona, ila inadaiwa kutoa hadharani kile ambacho kitu hicho kimekiamsha moyoni mwa mtu. Nimeupokea mwaliko huu kwa furaha, kwa sababu ni jambo ninaloishi nalo kila siku ninapofundisha. Ninalotaka kuliweka mbele yenu ni moja. Watu hawa walichora ngoma, hilo linajulikana. Lakini ngoma yenyewe ndiyo iliyowafundisha kuchora. Mwili uliocheza mbele yao haukumsubiri mtu, na kwa kuwa haukusubiri, uliulazimisha mkono wa mchoraji nao ucheze.

Tuanzie Dresden. Tarehe 7 Juni 1905 vijana wanne waliokuwa wakisomea usanifu wa majengo katika jiji hilo, Ernst Ludwig Kirchner, Erich Heckel, Karl Schmidt-Rottluff na Fritz Bleyl, waliunda kikundi walichokiita Die Brücke, maana yake Daraja. Aliyewazidi wenzake umri alikuwa na miaka 25. Mwaka uliofuata walichonga tamko lao kwenye ubao na kulipiga chapa, wakisema kwamba ni mwenzao kila anayetoa moja kwa moja, pasipo kughushi, kile kinachomsukuma kuumba. Maneno hayo ni ya ujana, na ujana hupenda maneno makubwa. Lakini vijana hawa waliyatafutia njia ya kuyatekeleza, na njia hiyo ilianzia kwenye saa.

Katika vyuo vya sanaa vya wakati ule mwanafunzi alianza kwa kuchora sanamu za plasta. Akifuzu hapo aliletewa mtu wa kuchorwa, ambaye alisimama kwenye jukwaa dogo kwa saa nyingi, pengine kwa siku kadhaa, katika mkao uleule mmoja, fimbo mkononi au mkono ukiegemea nguzo, huku wanafunzi wakipima urefu wa paja kwa penseli na kuhesabu misuli. Mwili wa namna hiyo ni mwili uliogandishwa. Damu imeshuka miguuni, bega limekufa ganzi, na uso umekwisha kuondoka kwenda kuwaza mambo ya nyumbani. Vijana wa Daraja waliukataa utaratibu huo. Katika vyumba vyao, kimojawapo kikiwa duka la zamani la mchinjaji nyama, waliweka sharti kwamba anayechorwa abadilishe mkao kila baada ya robo saa, na kati ya mkao na mkao aishi kama kawaida: atembee, achane nywele, ajinyooshe, acheze. Michoro hiyo waliipa jina la michoro ya robo saa.

Naomba mnivumilie nikae kidogo kwenye robo saa hiyo, maana ndiyo mzizi wa mengine yote. Mchoraji mwenye siku tatu huchora kwa vidole. Mkono umelala juu ya meza, kiganja hakisogei, na ncha ya penseli inatambaa kama sisimizi kwenye ukingo wa umbo. Mchoraji mwenye robo saa hawezi hivyo, na mwenye nusu dakika ndiyo hawezi kabisa. Lazima ainuke kitini, alegeze kiwiko, na mstari autoe begani. Anapoona kiuno kimezunguka kushoto, mkono wake nao unazunguka kushoto kabla hajajua ameamua nini. Itazameni michoro ya Kirchner ya 1909 na 1910 kwa karibu: mgongo wa mwanamke ni mstari mmoja tu, mnene unapoanzia shingoni ambako mkono ulikandamiza, mwembamba kiunoni ambako mkono ulikuwa ukikimbia, kisha unakatika ghafla pale palipotakiwa nyonga, kwa kuwa yule mwanamke alikuwa amekwisha kugeuka. Nyonga haipo, nasi tunaiona. Kirchner baadaye aliyaita maumbo hayo hieroglifu, yaani alama: kitu kilichokusanya mwendo mzima katika mikato michache, kama neno linavyokusanya maana. Aliyaeleza haya kwa kalamu yake mwenyewe katika makala alizozitia saini ya mhakiki wa Kifaransa, Louis de Marsalle, mtu ambaye hakuwepo duniani. Kirchner alimbuni ili apate wa kumwelewa.

Kila majira ya joto kuanzia 1909 hadi 1911 walihamia kwenye maziwa ya Moritzburg, nje ya Dresden, wakaogelea, wakarusha mishale, wakakimbia uchi wanaume kwa wanawake, na kuchora. Hawakuwa peke yao katika hilo. Ujerumani ya wakati ule ilikuwa na watu wengi waliochoshwa na kosi ngumu, na vazi la kubana kiuno lililowazuia wanawake wasipumue, na hewa ya viwanda. Watu waliotaka mwili urudishiwe jua. Kaskazini mwa Dresden kilijengwa kitongoji cha Hellerau, na humo chuo ambamo Mswisi Émile Jaques-Dalcroze alifundisha muziki kwa kuwapigisha wanafunzi hatua za mapigo kwa miguu na mikono. Kumbukeni jina la Hellerau, tutalirudia.

Mwingine aliyeingia Daraja kwa muda mfupi, kuanzia 1906, ni Emil Nolde, mtu wa mpakani mwa Ujerumani na Denmark, aliyewazidi vijana wale zaidi ya miaka kumi. Mkewe Ada alikuwa mwigizaji wa jukwaani, na katika kipindi cha baridi cha 1910 hadi 1911 Nolde alishinda usiku baada ya usiku katika kumbi za dansi, mikahawa na majumba ya michezo ya Berlin, akichora gizani. Mwaka 1910 alichora Ngoma ya Kuzunguka Ndama wa Dhahabu. Habari yenyewe mnaijua, imo katika Kitabu cha Kutoka sura ya 32: Musa yuko mlimani, watu wamechoka kungoja, wamejitengenezea mungu wa kuonekana. Wachoraji wa kale waliifanya habari hiyo onyo. Wakamweka Musa pembeni na ghadhabu yake na mbao za sheria. Kwa Nolde hakuna onyo. Wanawake wamejaza sehemu ya mbele ya kanvasi, nywele zimetupwa, magoti yamepanda, njano imepakwa nzito kando ya zambarau na nyekundu, na ndama mwenyewe amesukumwa nyuma huko kama kisingizio. Ukisimama mbele ya picha hiyo mjini Munich utaona kwamba rangi haikujazwa ndani ya mistari. Brashi ndiyo iliyoruka.

Miaka miwili baadaye, 1912, akachora Wacheza Ngoma wa Mishumaa. Wanawake wawili, vifua wazi, sketi zikipepea, na chini, katikati ya miguu yao, mishumaa inawaka sakafuni. Nyuma yao hakuna chumba wala ukuta, kuna wekundu na umanjano tu. Mimi huwauliza wanafunzi wangu swali moja kuhusu picha hiyo: joto linatoka wapi? Wengi hujibu upesi kwamba linatoka kwenye mishumaa. Wakitazama tena hunyamaza. Mishumaa ni midogo mno. Ni ngozi za wale wanawake zinazowaka.

Nolde huyohuyo alikuja kuwa mfuasi wa Wanazi na adui wa Wayahudi kwa maneno na maandishi yake mwenyewe, na si haki kumsifia mishumaa yake huku tukilificha hilo. Nayaweka yote mawili mezani kwa sababu yote mawili ni kweli.

Sasa nifike mahali panaponiuma. Miili hii ilikuwa ya nani? Daraja hawakutaka modeli wa kulipwa kwa saa kutoka chuoni. Walichora marafiki, wapenzi, majirani. Katika picha za kuanzia 1909 anaonekana msichana anayeitwa Fränzi, na hapo mwanzo alikuwa na umri wa miaka tisa hivi, akichorwa uchi na wanaume wazima walioona kwa watoto uhuru wa mwendo ambao wao walikuwa wameupoteza. Picha hizo zina nguvu kama mchoro. Mtoto hakuwa na namna ya kukubali wala kukataa. Sioni kwamba nguvu ya mchoro inalifuta hilo, na kwa miaka mingi vitabu vya sanaa vilipita hapo kimyakimya.

Kuna pia Sam, Milli na Nelly, watu weusi wanaotajwa kuwa walikuwa wasanii wa sarakasi waliofika Dresden. Picha za kamera alizopiga Kirchner karibu 1910 zinawaonyesha Sam na Milli wakiwa uchi katika chumba chake cha kazi, kati ya vitambaa vilivyochorwa na vigoda vilivyochongwa, na Milli amechorwa tena akiwa amelala, katika kazi iliyoko Bremen. Majina ya ukoo hayakuandikwa. Wasanii hao walikuwa na jukwaa lao na ustadi wao. Walipoingia kwenye chumba kile walivuliwa ustadi huo na kuvikwa kitu kingine, yaani ndoto ya Mzungu kuhusu mwili usioharibiwa na ustaarabu. Katika jumba la makumbusho ya makabila la Dresden, Kirchner alichora pia mihimili ya nyumba ya wanaume kutoka visiwa vya Palau katika bahari ya Pasifiki, iliyochongwa na kupakwa rangi, watu wake bapa wakitembea mmoja nyuma ya mwingine, na mtindo huo ukaingia moja kwa moja katika kazi zake. Palau ilikuwa koloni la Ujerumani.

Nasi tulikuwa. Tarehe niliyoitaja, 7 Juni 1905, ilitangulia kwa wiki chache tu siku ambapo watu wa milima ya Umatumbi waliing'oa pamba ya serikali ya Kijerumani na vita vya Majimaji vikaanza. Sisemi kwamba vijana wa Dresden waliisababisha vita hiyo. Nasema kwamba dola iliyowaletea mihimili ya Palau ndiyo iliyomnyonga Kinjikitile mjini Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, na kwamba upendo wao wa dhati kwa miili ya mbali ulipita katika njia iliyosafishwa kwa bunduki. Na Berlin, ambako Kirchner alihamia mwaka 1911, ulikuwa ni mji ambao Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa karibu na Bagamoyo, alifika mwaka 1900 kufundisha Kiswahili na akafariki humo mwaka 1927. Alikuwa ameziandika desturi za pwani kwa ukamilifu, ngoma zikiwemo: ipi huchezwa na nani, kwa shughuli gani, kwa ala zipi. Wakati wachoraji wakiwaza ngoma ya watu wa mbali kama moto usio na kanuni, maelezo ya kanuni zake yalikuwa yamekwisha kuchapishwa nchini mwao tangu 1903.

Berlin iliubadilisha mwili. Kirchner alikutana humo na ndugu wawili, Erna na Gerda Schilling, waliokuwa wacheza dansi, na mwenyewe aliandika kwamba miili yao iliyosimama kama majengo ilichukua nafasi ya miili laini ya Dresden. Tangu hapo mviringo ukatoweka. Bega likawa pembe, kidevu kikawa kisu. Katika picha za barabarani za 1913 hadi 1915 hakuna anayecheza ngoma, na bado ninaziweka katika hotuba hii bila kusita, kwa kuwa wanawake wale wanaojiuza wanatembea kwa miondoko iliyohesabiwa: polisi wasiwakamate, mteja awatambue. Katika ile ya Potsdamer Platz ya mwaka 1914, yenye urefu wa mita mbili, wanawake wawili wamesimama juu ya kisiwa cha mviringo katikati ya barabara ya kijani, kama juu ya jukwaa linalozunguka. Mmoja ana utaji mweusi wa mjane. Vita ilikuwa imeanza.

Mwaka 1915 Kirchner alipelekwa kwenye kikosi cha mizinga mjini Halle kwa mafunzo, na kabla ya kufika uwanja wa vita akili yake ikavunjika, akarudishwa. Akajichora akiwa askari. Amevaa sare, namba 75 begani, sigara mdomoni, macho hayana mboni, na mkono wake wa kulia ameunyanyua mbele yetu ukiwa umekatika kwenye kifundo, mbichi, wa damu. Mkono wake halisi ulikuwa mzima, ndio uliochora. Nyuma yake amesimama mwanamke aliye uchi, tayari kuchorwa, na hakuna wa kumchora. Kwa mtu ambaye mwili wake wote wa kazi ulikuwa ni bega na kiwiko na kiganja kinachokimbia, sijui picha nyingine inayosema kwa uchungu zaidi vita huchukua nini hata kwa asiyepigwa risasi. Mwaka huohuo alimpiga picha rafiki yake Hugo Biallowons akicheza uchi katika chumba chake cha Berlin, mguu juu, anacheka. Biallowons aliuawa vitani mwaka 1916.

Nilisema mkumbuke Hellerau. Mmoja wa wanafunzi waliopita hapo ni Mary Wigman, aliyechoka kuona mwili ukiwa mtumwa wa piano. Nolde ndiye aliyemwelekeza kwa mwalimu wa ngoma Rudolf von Laban, akimwambia kwamba huyo naye anacheza kama yeye Mary, bila muziki. Na mwaka 1913 Wigman akamfuata Laban huko Ascona, Uswisi. Mchoraji alimwonyesha mcheza ngoma njia, na deni hilo lililipwa vizuri. Mwaka uliofuata Wigman alionyesha Ngoma ya Mchawi, akaitengeneza upya mwaka 1926, na kipande chake cha filamu kipo hadi leo. Wanafunzi wa ngoma, hii ni yenu. Anaicheza akiwa ameketi chini. Amevaa kinyago, magoti yamepanda, na upatu na ngoma vinapiga kisha vinanyamaza. Mikono inatokea polepole, vidole vimepinda kama kucha, inashika magoti na kuyapasua kando kana kwamba ni ya mtu mwingine. Kisha anajizungusha sakafuni kwa kukanyaga upesi upesi, makalio yakiwa ndiyo mhimili. Hakuna hata kitu kimoja kilichowekwa ili kipendeze. Ni kile alichokifanya Kirchner kwa mkaa: kuukata mwendo mpaka ibaki alama.

Wigman alifungua shule yake Dresden mwaka 1920. Kirchner, aliyekuwa akiishi milimani Davos tangu 1917, alirudi Ujerumani kwa ziara mwanzoni mwa 1926, akaomba kukaa katika mazoezi ya Wigman na kundi lake walipokuwa wakiitayarisha Ngoma ya Kifo. Alijaza vitabu vyake vya michoro ukurasa juu ya ukurasa, na kutokana na vitabu hivyo akaanza picha kubwa ya rangi ya mafuta aliyoikamilisha mwaka 1928. Mimi huvipenda vitabu kuliko picha. Picha imetulia, imepangwa, rangi zimegawanywa kwa akili ya mtu aliyekwisha kufikiri. Katika vitabu yupo mtu wa miaka 45, mwenye afya mbovu, ambaye mkono wake umepata tena cha kuufukuza.

Kilichofuata, chini ya utawala wa Wanazi, kilikuwa mpango wa mwili wa namna nyingine. Usiku wa kufungua Michezo ya Olimpiki ya Berlin, Agosti 1936, maelfu ya vijana walipangwa kwa safu uwanjani katika onyesho la dola, na Wigman mwenyewe aliongoza sehemu ya maombolezo. Julai 1937 mjini Munich yalifunguliwa maonyesho mawili kwa siku mbili mfululizo. La tarehe 18 lilikuwa la miili iliyotakiwa: laini, mizima, imesimama kama sanamu zilezile za plasta ambazo vijana wa Dresden walizikimbia. La tarehe 19 liliitwa la sanaa iliyoharibika. Kazi 639 za Kirchner ziliondolewa katika majumba ya makumbusho ya Ujerumani, na za Nolde, ingawa alikuwa na kadi ya chama cha Wanazi, 1,052. Ile picha ya askari mwenye mkono uliokatika ilitundikwa Munich kwa jina lililobadilishwa: Askari na Kahaba. Kirchner alijiua kwa risasi karibu na Davos tarehe 15 Juni 1938.

Ndugu zangu, nimesema vya kutosha. Pale kushoto, penye taa, amekaa mwenzenu mcheza ngoma ambaye tumezungumza naye tangu wiki iliyopita. Yeye ndiye aliyechagua atakachokicheza, yeye ndiye aliyechagua atavaa nini, na analipwa. Jina lake kamili limeandikwa ubaoni, nami nataka nilione chini ya kila karatasi, juu ya jina la aliyechora. Mpiga ngoma yuko tayari. Wekeni viti nyuma, kwa maana mkikaa mtachora kwa vidole. Shikeni mkaa kwa ubavu wake. Hatasimama kuwasubiri. Mna robo saa.